Jinsi ya kupima maendeleo ya mtoto wa awali ukiwa nyumbani

Mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba jijini Mwanza, aliniletea ripoti ya mwanawe wa miaka 5. Imeandikwa: "Anaendelea vizuri." Akaniuliza, "Mwalimu, vizuri kivipi?" Nilimwonyesha njia ninayotumia na watoto wangu wa darasa la awali, nayo ni hii.

Hatua ya 1: Vifaa
Vizibo 12 vya soda, penseli na daftari. Simu weka mbali. Programu zinazompa mtoto nyota kila akibonyeza sizipendi kabisa. Atabahatisha mpaka apatie, nawe hutajua ameelewa nini.

Hatua ya 2: Muda
Asubuhi, akishakunywa uji. Dakika 10 zinatosha.

Hatua ya 3: Kuhesabu
Hapa ndipo wazazi wengi wanapodanganyika. Mtoto anatiririka moja mpaka ishirini, nyumba nzima inapiga makofi, kumbe anaimba tu.

Mwaga vizibo 7 mkekani, vikae shaghalabaghala. Avihesabu kwa kuvigusa. Wewe fuata kidole chake: kikiukimbia mdomo, au kizibo kimoja kikipata namba mbili, bado. Akimaliza, uliza, "Haya, viko vingapi?" Akianza upya tangu moja, hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi yenyewe.

Sasa mgeuzie: "Nipe viwili." Halafu vitatu, halafu vinne. Kipimo hiki nakiamini kuliko vingine vyote. Asiyeelewa hukuchotea konzi nzima. Watoto wengi hukaa kwa muda kwenye mbili au tatu kabla ya kupanda, kwa hiyo usishtuke.

Ila uwe makini. Usivitazame vizibo wakati anachukua, maana watoto husoma macho ya mkubwa. Usiulize "Una uhakika?", atabadilisha hata jibu sahihi. Akikosa, usigune, pokea alichokupa, andika, endelea. Ana homa au usingizi? Acha, mtafanya siku nyingine.

Na kama nyumbani mnaongea Kisukuma, rudia maswali yote kwa Kisukuma. Akipatia huko akakosa kwa Kiswahili, hesabu anaijua, ila maneno ya Kiswahili bado hajayazoea. Mtoto wa namna hiyo asiitwe mzito. Linaniuma sana nikilisikia.

Hatua ya 4: Sauti
Kabla ya herufi, pigeni makofi kwa silabi: sa-to, sa-nga-ra, da-ga-a. Hilo la mwisho ni makofi matatu, na wakubwa wengi hupiga mawili. Kisha uliza: "Lipi linaanza kama sato, sangara au furu?" Kama bado hasikii tofauti, usimkimbize kuandika a, e, i, o, u. Chezeni na sauti kwanza.

Hatua ya 5: Kuchora
Achore mtu. Usimsaidie, usimrekebishe. Mtoto wa miaka 4 kwa kawaida huweka sehemu 3 za mwili au zaidi. Andika tarehe.

Hatua ya 6: Kurudia
Baada ya mwezi hivi. Linganisha na daftari lake mwenyewe, wala si mtoto wa jirani. Lakini ukimwita kwa nyuma hageuki, au maneno aliyokuwa akiyasema yamepotea, usisubiri mwezi uishe. Mpeleke kituo cha afya wiki hiyohiyo, akaangaliwe na masikio yapimwe.