Kabla ya kununua GPS ya boti kwa ajili ya Ziwa Nyasa

Ndugu zangu wavuvi wa Matema na Itungi, msinunue GPS kwa sababu muuzaji kasema "ina ramani ya dunia nzima". Ramani nyingi hizo zimetengenezwa kwa ajili ya bahari. Mwambie aiwashe, sogeza ramani mpaka Kyela, uangalie. Ukiona ziwa ni doa la buluu lisilo na namba hata moja ya kina, ramani hiyo haitakusaidia.

Kwa hiyo mimi natazama kwanza kama kifaa kinaweza kuchora kina chenyewe boti ikitembea. Kampuni ya Garmin wanaiita Quickdraw. Lowrance na Humminbird nao wana ya kwao. Baada ya safari kadhaa unakuwa na ramani ya maeneo yako mwenyewe, pale unapotegea samaki wa mbasa.

Sensa ya kina, yaani kihisi kinachopima kina kwa mawimbi ya sauti, nayo ina maana kubwa kwetu, maana chini ya Milima ya Livingstone maji yanazama ghafla. Mawimbi ya masafa ya kHz 200 huonyesha samaki vizuri kwenye maji mafupi. Kwenye kilindi unahitaji kHz 50. Chukua yenye yote mawili.

Skrini ijaribu nje juani, kisha lowesha kidole uguse. Nyingine hazisikii kabisa kidole chenye maji, na usiku wa kuvua usipa mikono haikauki. Yenye vitufe ndiyo ninayoiamini.

Betri: kifaa kinachokula ampea 1 kitamaliza ampea-saa 10 za chaji ya betri kwa usiku wenye urefu wa saa kumi, mbali na taa.