Gari ya Japani na modulata, weka masafa chini ya 90

Wenye gari zilizotoka Japani hii iwafikie, maana nimeona watu kibao hapa Tanga wananunua ile modulata, kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara kinachorusha muziki wa simu kwenda redio ya gari kwa FM, halafu wanairudisha dukani eti mbovu, kumbe shida ni masafa tu. Redio nyingi za Japani zinaanzia FM megahezi 76 zinaishia 90, modulata yenyewe inaanzia 87.5 mpaka 108, sasa ukiiweka kwenye 100 na kitu redio yako haitaishika hata ufanyeje. Ishushe iwe kati ya 87.5 na 90, tafuta mahali pasipo na stesheni, panapokoroma tu, halafu redio nayo iweke hapohapo. Na ukitoka mjini kwenda Muheza mpaka Segera ikianza kukwaruza ujue huenda kuna stesheni inaingilia, sogeza zote mbili kidogo, ila simamisha gari kwanza jamani, ile njia ina malori.

Kama redio ina tundu la aux, lile la kuchomeka waya wa sauti, mi nakushauri achana na modulata kabisa, nunua waya wa kutoka kwenye simu, sauti inatoka safi mno. Simu ipandishe volyumu karibu na mwisho halafu punguzia kwenye redio, ukifanya kinyume utasikia mvumo. Na ukisikia kamlio kanapanda na kushuka kila ukikanyaga mafuta, chomoa chaja ya simu usikilize tena, mara nyingi kelele inapitia humo.