Soneti ya mapenzi na mauti: namna ninavyoitunga kwa Kiswahili

Mtunzi aliyelelewa na tarbia, shairi la beti za mishororo minne, akiingia kwenye soneti, shairi lililotoka Italia, hukosea mahali pamoja, nami nilikosea hapohapo: hutafuta kibwagizo, ule mshororo unaorudi kila ubeti. Soneti haina kibwagizo. Ina mishororo 14, ikiisha imeisha. Badala ya kurudi, inakata kona, yaani wazo linageuka.

Tofauti hii ni kubwa hasa unapotunga juu ya mpenzi aliyekufa. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa tarbia, na kila ubeti unarejea mshororo uleule: pendo walilolifunga wao wawili hakuna wa kulifungua. Hayo ni maombolezo ya kuitikiwa, kama watu waliokaa mkekani matangani. Soneti haiitikiwi. Humo yumo mtu mmoja anayebishana na nafsi yake, na katikati ya ubishi anageuka. Si ajabu, maana anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, Giacomo da Lentini, alikuwa mwandishi wa hati za kisheria katika baraza la Mfalme Frederick wa Pili huko Sicily, karne ya 13. Mimi huisoma soneti kama kesi: dai, pingamizi, hukumu.

Hatua ya 1: Soma watunzi watatu, kalamu mkononi

Anza na Petrarca, mshairi wa Kiitaliano wa karne ya 14, na Laura, mwanamke aliyempenda. Aliandika mwenyewe kwamba alimwona Laura mara ya kwanza kanisani Avignon tarehe 6 Aprili 1327, na kwamba Laura alifariki tarehe 6 Aprili 1348, mwaka wa tauni. Katika diwani yake ya mashairi 366, soneti ni 317, na zile za baada ya kifo bado zinasema na Laura. Soma moja ya kabla na moja ya baada, uone jinsi anayeambiwa alivyo yuleyule ingawa hayupo. Mishororo 8 ya mwanzo inapanga jambo, 6 ya mwisho inalijibu.

Kisha soneti ya 73 ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1609 pamoja na nyingine 153. Hii ndiyo nimejifunza kwayo zaidi ya zote. Mzee anamwambia ampendaye: ndani yangu unaona mti uliobakiwa na majani machache ya njano, unaona mwanga wa magharibi jua likishatua, unaona kaa la moto linalofia juu ya jivu lake. Mishororo minne kwa kila picha. Sasa tazama muda: msimu mzima, halafu jioni moja, halafu kaa linalozimika sasa hivi. Mauti hayajatajwa kwa kelele, ila kila picha imesogea karibu kuliko iliyotangulia. Halafu mishororo miwili ya mwisho inageuka: unayaona haya, na ndiyo maana pendo lako linazidi, kumpenda barabara yule utakayeachana naye punde. Kifo kimekuwa sababu ya kupenda.

Wa tatu ni Milton, mshairi wa Kiingereza aliyekuwa amepofuka kabisa kufikia mwaka 1652. Anaota marehemu mkewe amemjia, amevaa nyeupe, anainama kumkumbatia. Anaamka, mke anatoweka, na mchana unamrudishia usiku wake. Kona nzima ameibana kwenye mshororo wa 14.

Hatua ya 2: Chagua mizani 11

Waingereza hutumia mizani 10, yaani silabi 10 kwa mshororo, na mshororo wao huishia kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili hakiko hivyo, sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini Kiitaliano nacho mara nyingi hukaza hapo, na soneti ya Kiitaliano ina mizani 11, mkazo ukiangukia ya 10. Kwa hiyo mshororo wa mizani 11 unatukaa wenyewe bila kulazimisha. Mimi huukata 6 kwa 5.

Nilijaribu 16, yaani 8 kwa 8 kama tulivyozoea. Soneti ikawa nzito kama mkokoteni wa mkaa, na sikio likaanza kudai kina cha kati.

Vina visikutishe. Shakespeare alitumia vina 7 katika soneti moja kwa kuwa Kiingereza kina uhaba wa vina. Petrarca alitosheka na vinne au vitano. Kiswahili kimejaa vina, na huo ndio mtego: ukimaliza kila mshororo kwa kitenzi cha -ia (nalia, namlilia, namkumbukia) utafika wa 14 hujasema kitu.

Hatua ya 3: Tafuta kitu cha kushika

Usianze na "mapenzi", wala usianze na "mauti". Anza na kitu kinachoweza kuangukia mguu wako. Kwangu kilikuwa kofia:

Kofia ya babu i ukutani,
Msumari ule haujang'oka;
Bibi huishusha kila jioni,
Huifuta vumbi akaiweka.

Hesabu kwa vidole: ko-fi-a-ya-ba-bu, sita, i-u-ku-ta-ni, tano. Babu hajasemwa kuwa amekufa. Hakuna haja, kofia yenyewe imeshasema.

Mishororo minne inayofuata iongeze uzito juu ya kitu hichohicho. Usilete bahari, mwezi na waridi kwa mpigo.

Hatua ya 4: Kata kona

Hapa ndipo soneti nyingi za wanaoanza hufia. Kona si neno "lakini". Unaweza kuandika "lakini" na bado ukaenda njia ileile. Kona ni jambo jipya linalokulazimu uyasome upya uliyokwisha kuyasema. Katika rasimu yangu ya kwanza mshororo wa 9 ulisema bibi analia. Nani hakujua kwamba bibi analia? Nikaufuta, nikakaa siku tatu, nikaandika:

Jana nilimwona akiivaa,
Mbele ya kioo amesimama...

Ghafla ile kofia iliyokuwa ikifutwa vumbi kwa heshima ina kichwa ndani yake. Kama huna jambo la namna hii, soneti yako bado haijaiva. Iache, rudi baada ya wiki.

Mahali pa kona ni hiari yako: mshororo wa 9 kama Petrarca, wa 13 kama Shakespeare mara nyingi, au uubane mpaka mwisho kama Milton. Kwa kifo cha ghafla napenda kuchelewesha. Kwa ugonjwa mrefu hukata mapema.

Hatua ya 5: Funga bila methali

Mishororo miwili ya mwisho inatuvuta kuhubiri, maana tumekua na tenzi za mawaidha. Mwanzoni nilifunga kwa "Mapenzi ya kweli hayafi kamwe." Mizani 11 kamili, sarufi safi, na mshororo ni maiti. Yeyote angeweza kuuandika kuhusu yeyote. Nilibaki na kioo na watu wawili:

Nikamwita bibi, hakuitika;
Kiooni babu aliitika.

Wapo watakaosema neno lilelile haliwezi kuwa kina cha lenyewe, tena -ka imeshatumika huko juu. Nimewasikia. Mmoja kakataa kuitika, mwingine kaitika, na kitenzi ni kimoja. Ningebadilisha neno, shairi lingebaki bila kazi.

Hatua ya 6: Isome, usiighani

Mahadhi ya tarbia yanalainisha kila kitu kwa kiasi kimoja, kwa hiyo kona haisikiki. Soma kama unayemsimulia mtu jambo jikoni, ukifika kwenye kona vuta pumzi, kisha endelea kwa sauti ya chini kidogo. Mimi mara ya kwanza niliighani, kwenye jioni moja ya mashairi. Nilipofika mshororo wa 14 nikainamisha kichwa. Ukumbi kimya. Mzee mmoja aliyekaa mbele akaniambia kwa upole, "Haya mwanangu, tunasubiri ubeti wa pili."