Kishimo cha nini? Jinsi ya kusoma neno "alveoli" na kulieleza kwa mgonjwa

Mama mmoja alikuja kliniki niliyokuwa nafanya kazi hapa Mbeya, siku ya tatu tangu ang'olewe gego la chini. Karatasi aliyoshika iliandikwa neno moja tu: "alveolaitisi". Kijana aliyekuwa zamu alilijua neno hilo kutoka somo la mapafu. Akamsikiliza kifua, akamwambia vifuko vyake vya hewa vimepata uvimbe na kwamba itabidi apige picha ya kifua. Mama akaanza kulia, maana kwao walishamzika mtu kwa kifua kikuu. "Mwanangu, mimi naumwa taya," alisema, ameshika shavu.

Tangu siku ile kila kundi la wanafunzi wa utabibu na uuguzi ninalolipokea hupitia zoezi hili. Linachukua asubuhi moja, na gharama yake ni ya nyama ya supu tu.

Hatua ya 1: Lijue umbo kabla ya kiungo

Alveolasi, wingi wake alveoli, ni neno la Kilatini. Ni udogo wa neno alveus, yaani kitu chenye uwazi ndani: hori la kulishia mifugo, njia inamopita mto, hata mzinga wa nyuki. Sisi tumebahatika kuwa na neno linalokaribiana nalo sana. Hori kwetu ni la ng'ombe, na watu wa pwani huita hori mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Basi alveoli ni vihori. Kwa hiyo neno lenyewe halitaji pafu wala jino. Linataja umbo, na wataalamu wa mwili walilitumia kila walipokuta umbo hilo. Ukishika sega la asali mkononi, vile vyumba vyake vilivyobanana ndiyo picha ninayotaka ubaki nayo kichwani.

Hatua ya 2: Nenda buchani

Nenda soko la Mwanjelwa hapa Mbeya au kwenye bucha lolote linalouza nyama iliyopigwa muhuri wa ukaguzi. Omba kipande cha mapupu, kipande kidogo cha ini, taya la chini la ng'ombe likiwa na magego yake, na kipande cha kiwele. Mwambie muuzaji kiwele kiwe cha ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa, kwa sababu cha mtamba hakitakuonyesha kitu. Vaa glovu. Mapupu usiyapulize kwa mdomo hata kama umewaona wengine wakifanya hivyo, kwani ng'ombe naye huugua kifua kikuu. Tumia pampu ya baiskeli. Taya lichemshe jioni ya kuamkia zoezi mpaka nyama iachie mfupa.

Hatua ya 3: Pafu kwenye ndoo

Kata kipande cha pafu ukubwa wa kidole gumba, ukitumbukize kwenye ndoo ya maji. Kinaelea. Tumbukiza kipande cha ini cha ukubwa uleule, kinazama. Kinachoelesha pafu ni hewa iliyobaki ndani ya vifuko ambavyo macho yako hayawezi kuvihesabu. Mtu mzima anavyo kama milioni 480 kwa wastani, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban sehemu mbili za kumi za milimita. Aliyeviona kwanza ni Marcello Malpighi, kule Bologna mwaka 1661, akichungulia pafu la chura kwa hadubini. Aliona pia mishipa midogo sana ya damu, kapilari, imevizunguka. Hapo ndipo oksijeni inavuka kuingia kwenye damu na kaboni dayoksaidi inatoka.

Wanafunzi wanaotoka pwani huwa nawauliza walijisikiaje wiki ya kwanza walipopanda kilima cha hapa kwa miguu. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Vifuko ni vilevile, ila kila pumzi inaviletea oksijeni pungufu.

Sasa pampu. Jaza kipande kikubwa hewa, kiache kinywee, kijaze tena. Mwambie mwanafunzi akumbuke mtoto njiti. Ndani ya kila kifuko kuna utando mwembamba wa majimaji, na majimaji hupenda kujivuta pamoja. Bila sarafaktanti, ute unaopunguza mvuto huo, vifuko vinasinyaa kila mtoto anapotoa pumzi. Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha mwaka 1959 kwamba ute huo ndio uliopungua kwa njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua. Ndiyo maana mama anayeelekea kujifungua kabla ya siku huchomwa sindano za dexamethasone, ili mapafu ya mtoto yakomae haraka. Hapa sina haraka kamwe. Nimewahi kushika watoto wa aina hiyo, na nataka kila mwanafunzi aelewe kile kifuko kinachosinyaa kabla hajakutana na mtoto mwenyewe.

Hatua ya 4: Taya

Shika gego lililochemshwa, litikise, livute. Shimo linalobaki ni alveolasi pia. Mimi huliita kishimo cha jino, na ukingo wa mfupa wenye vishimo hivyo ndio mfupa wa alveoli. Nimesema uombe taya la chini kwa sababu ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo huko mbele juu hutakuta kishimo hata kimoja.

Jino likishang'olewa, damu huganda ndani ya kishimo na donge hilo ndilo kifuniko cha mfupa. Likitoka au likiyeyuka mapema, mfupa unabaki wazi, na siku ya pili hadi ya nne maumivu yanapanda mpaka sikioni. Hiyo ndiyo alveolaitisi ya yule mama. Tiba yake ni kusafisha kishimo, kukiwekea dawa ya kutuliza na kumpa za maumivu. Kumpiga picha ya kifua hakumsaidii chochote.

Vivyo hivyo neva ya alveoli ya chini, ile tunayoilenga kwa sindano ya ganzi kabla ya kung'oa gego. Inapita ndani ya taya chini ya vishimo, na pafu halihusiki. Na kama uliwahi kufundishwa kwamba t, d, n, s, z, l na r ni konsonanti za ufizi, hata hapo umekutana na neno hili. Wataalamu wa fonetiki huita sauti hizo za alveoli kwa kuwa ulimi hugusa au husogelea ukingo huohuo nyuma ya meno ya juu.

Hatua ya 5: Kiwele

Kata, kisha kamua taratibu kwa vidole. Matone meupe yanachuruzika kutoka kila upande wa nyama. Maziwa hutengenezwa ndani ya vifuko vidogo, navyo ni alveoli. Kila kimoja kimekumbatiwa na seli zinazoweza kukaza, na homoni ya oksitosini ndiyo inayoziamuru zikaze. Wafugaji wa Rungwe wanalijua hili kwa mikono yao: wanaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu au wanamwacha ndama aanze, ndipo maziwa yanashuka. Kwa mama ni hivyohivyo. Kilio cha mtoto kinaweza kuyashusha, na hofu au maumivu yakayazuia. Muuguzi anayemfokea mzazi wodini anamzuilia mtoto maziwa.

Vitabu vingine huita vifuko vya tezi asini, neno la Kilatini la tunda kama zabibu. Kwenye titi usihangaike sana na tofauti, maneno yote mawili hutumika.

Hatua ya 6: Mtazame jirani wa neno

Ukikuta alveoli kwenye maandishi, soma sentensi nzima. Kapilari, gesi, nimonia? Uko kwenye pafu. Gego, taya, ganzi? Kishimo cha jino. Prolaktini (homoni ya maziwa), kunyonyesha? Titi. Bado kuna mtego mmoja: kwenye majina ya saratani neno hili huwa la kufananisha. Rabdomayosakoma ya alveoli ni saratani yenye seli zinazofanana na za misuli. Imeitwa hivyo kwa sababu chini ya hadubini seli zake hupanga nafasi zinazofanana na vifuko vya pafu.

Hatua ya 7: Andika jina zima, sema kwa Kiswahili

Usiandike "alveolaitisi" peke yake. Andika "alveolaitisi ya kishimo cha jino, gego la chini kulia", ili anayepokea karatasi asibahatishe. Kisha mwambie mgonjwa kwa maneno yake. Yule mama nilimkalisha, nikamwambia, "Mama, mapafu yako ni mazima. Donge la damu lililokuwa limefunika shimo la jino limetoka, ndiyo maana mfupa unauma. Tutaliosha sasa hivi." Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akafungua mdomo.