Somo: Kugeuza gokati kuukuu kuwa hotirodi ndogo

Wakuu, somo hili ni la mwenye gokati (kigari kidogo cha chini cha mashindano) lililolala nje mpaka kutu ikalishika, ambaye hataki tu liwake bali anataka lifanane na hotirodi: pua chini, makalio juu, tairi za nyuma nene. Magari yale, maarufu zaidi yakiwa Ford ya 1932, yaling'olewa madigadi, yakapunguzwa uzito na kufungwa injini yenye nguvu. Na gokati lenyewe ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Art Ingels na Lou Borelli walitengeneza la kwanza California mwaka 1956, wakalifunga injini ndogo ya West Bend ya kukatia majani.

Wengi wanaanza na bodi na rangi. Mimi nasema rangi ngoja kwanza, kwa sababu karibu kila kinachopendezesha hotirodi kinagusa giya, breki au usukani.

Hatua ya 1: Fungua lote

Piga picha kabla ya kugusa spana, hasa njia ya cheni na kebo. Nati zilizoganda zimwagie mafuta mepesi, ziache zilale usiku kucha. Tangi litoke mapema na liwekwe mbali. Mvuke wa petroli unalipuka hata tangi likiwa tupu, kwa hiyo usichomelee karibu nalo.

Sugua fremu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha kagua viungo vya welding, hasa kwenye kitako cha injini na mabano ya kingpini (pini ambayo tairi ya mbele hugeukia). Ufa hujionyesha kama mstari mwembamba wa kutu unaokatiza rangi. Gonga paipu kwa nyundo ndogo: palipo pazima panalia, palipooza panatoa sauti butu na pengine panabonyea. Pale kata, weka kipande kipya. Usifunike kwa pati. Na kama paipu imepakwa zinki, isage yote kabla ya kuchomelea, maana moshi wake unaleta homa.

Hatua ya 2: Injini

Hapa sina mengi. Injini nyingi za mipigo minne zilizokaa sana zinakataa kuwaka kwa sababu ya kabureta, petroli ikishakauka ndani ya jeti (tundu dogo la kupitisha petroli). Ifungue, pitisha waya laini, puliza. Plagi iwe na nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Sumaku ya flaiwili (gurudumu zito la injini) isugue kwa msasa laini, halafu weka kadi ya biashara kati yake na koili kabla ya kukaza bolti. Unene ule unatosha kwa injini nyingi. Ikipiga teke au kuwaka kwa mlipuko wa nyuma, angalia ufunguo wa flaiwili (kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia kwenye shafti), huenda umekatika nusu na taimingi imehama.

Hatua ya 3: Mkao, na hesabu yake

Tuseme tairi za nyuma zina kipenyo cha sentimita 33, sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya injini ina meno 10 na ya ekseli 60. Injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika, ekseli 600, na gokati linakwenda karibu kilomita 37 kwa saa. Sasa funga tairi za sentimita 45 ili lisimame kama hotirodi. Hujagusa kingine chochote, lakini hesabu inakupa kilomita 51.

Usifurahie. Klachi inayojishika yenyewe injini ikifika mizunguko 2,000 ilikuwa inakamata kamili karibu na kilomita 21 kwa saa; sasa itasugua hadi kilomita 28. Kila ukiondoka inaungua kidogo, na juu ya kilima inaungua sana. Kurudisha uwiano wa zamani unahitaji sproketi ya nyuma ya meno 80 au 82, au shafti ya kati inayopunguza kasi kwa hatua mbili. Napendelea shafti ya kati, kwa sababu sproketi pana ikishuka chini inaokota mawe.

Breki nayo inaumia. Breki imefungwa kwenye ekseli, na nguvu ileile ikipita kwenye tairi kubwa inapungua ikifika chini: ukitoka 33 hadi 45 unapoteza zaidi ya robo. Kama gokati lako lina breki ya mkanda, huu ndio wakati wa kuiondoa na kufunga diski.

Hatua ya 4: Usukani

Hapa ndipo miradi mingi inaharibika bila mwenyewe kujua. Kingpini hulazwa nyuma kwa juu, tuseme digrii 12, na mlalo huo ndio unaorudisha usukani katikati ukiuachia. Ukiinua nyuma kwa sentimita 6 (tofauti ya nusu vipenyo vya tairi zile), na umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.1, fremu nzima inainama mbele digrii 3 hivi. Kingpini inabaki na 9. Usukani unakuwa mwepesi na kutangatanga kwa kasi. Kata mabano uyachomelee upya ukiwa umesimamisha gokati kwenye tairi zake mpya. Ukipima kwenye meza iliyo sawa, kipimo kitakudanganya.

Ukirefusha pua, kama wengi wanavyopenda, kuna la kuangalia tena. Vuta uzi kutoka kingpini kupitia ncha ya mkono wa tairodi (fimbo inayogeuza tairi za mbele) hadi nyuma, kulia na kushoto. Nyuzi mbili zikutane karibu na katikati ya ekseli ya nyuma. Zikikutana mbele yake au nyuma yake, tairi zitakwaruza kwenye kona. Utaona mpira umejikunja kama vumbi la kifutio. Gokati lenye ekseli moja ngumu halina difa (giya inayoruhusu tairi mbili za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), tayari linagoma kukata kona, kwa hiyo usiliongezee mzigo.

Hatua ya 5: Bodi na rangi

Tengeneza kwanza kwa kadibodi. Kaa ndani, zungusha usukani hadi mwisho, kanyaga pedali, ndipo ukate bati. Alumini ya milimita 1.2 inakunjika kwa mkono juu ya ukingo wa meza. Grili ya mbele iwe nyembamba na ndefu kwenda juu. Ikiwa pana utapata trekta. Kwa rangi, nyeusi isiyong'aa inakaa vizuri kuliko zote, na miali ya moto ipigwe kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, naweza kuweka injini mbele kama gari halisi?

Jibu: Inawezekana, ila cheni itapita chini ya makalio yako na silensa itakuchoma magoti. Iache nyuma ya kiti. Mbele weka injini ya bandia, makopo na mabomba ya moshi. Ila usihamishie tangi huko bila pampu. Petroli ya injini hizi hushuka kwa uzito wake yenyewe.

Swali: Fundi, niliondoa gavana, injini sasa inalia vizuri ajabu. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, ndugu. Gavana ndiyo inayozuia injini isizidi kasi yake, na injini hizi zimepangiwa mizunguko 3,600. Ukipandisha sana, flaiwili ya kutupwa inaweza kupasuka na vipande vyake vinaruka kama risasi, na mkono wa pistoni unaweza kukatika. Rudisha gavana, kasi itafute kwenye sproketi.

Swali: Klachi yangu inatoa moshi hata kwenye tambarare, na tairi sijabadilisha.

Jibu: Inua nyuma, zungusha ekseli kwa mkono. Ikiwa nzito, breki inashika au beringi imekufa. Ikizunguka vizuri, tia tone moja la mafuta kwenye bushi ya klachi. Tone tu, mafuta yakifika kwenye viatu vyake vya kusugua, itateleza mpaka uvifungue na kuvisafisha.

Swali: Mwanangu ana miaka kumi. Nimruhusu?

Jibu: Kwanza, dada, weka skrubu ya kuzuia pedali ya mafuta isishuke yote, na springi mbili za kuirudisha, moja ikikatika nyingine ifanye kazi. Funika cheni na sproketi kabisa. Weka swichi ya kuzima ambayo wewe unaifikia ukiwa umesimama pembeni. Helmeti kila safari, nywele zifungwe, na pasiwe na kitambaa shingoni.

Swali: Nilipaka praima nyeusi tu ili iwe na sura ya kizamani. Sasa kutu inatokeza.

Jibu: Praima nyingi zinanyonya maji. Isugue hadi chuma, paka upya, juu yake piga kliya (vanishi angavu) isiyong'aa. Sura inabaki ileile.