Mbege ya nyumbani kwa ndoo mbili: koki, mpira na mso

Mimi ni fundi bomba hapa Moshi, na mbege, pombe ya Kichagga ya ndizi zilizochachushwa na mso (uji wa kimea cha ulezi), nilifundishwa na shangazi yangu wa Kibosho. Yeye ana pipa la mbao la urithi. Wengi wetu tunaoishi mjini hatuna pipa wala nafasi ya kuliweka, lakini ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko zinatosha kabisa ukizitengeneza vizuri.

Chagua ndoo zilizobeba chakula, kama za mafuta ya kupikia. Igeuze utazame kitako: ukiona pembetatu yenye namba 2 au 5 ndani, plastiki hiyo inafaa. Iliyobeba rangi au dawa ya shamba usiiguse, hata ukiisugua wiki nzima.

Ndoo ya kwanza ni ya ndizi. Pasha moto msumari, toboa mfuniko tundu dogo kidogo kuliko unene wa mpira wa dripu (mpya, wa duka la dawa), kisha usukume mpira upite kwa kubana. Ncha ya nje itumbukize kwenye chupa ya maji, izame kama sentimita tatu. Hewa itatoka kwa viputo, ila wale nzi wadogo wa ndizi hawataingia. Hao ndio wanaoleta vimelea vya siki, na mbege ikishaanza kuwa siki hairudi nyuma.

Ndoo ya pili ni ya koki. Nunua koki ya nusu inchi, nati yake na washa mbili za mpira (vile vipete vya kuzuia maji yasivuje). Toboa kwa keekee tundu la milimita 21, sentimita nne juu ya kitako, ili masimbi (mashapo ya pombe) yabaki chini wakati unamimina. Washa moja ikae nje na nyingine ndani, kisha ukaze nati kwa mkono na umalizie robo mzunguko tu kwa spana. Ukikaza kwa nguvu plastiki inapasuka kimyakimya, na utagundua siku ndoo imejaa. Jaza maji, iache usiku kucha juu ya gazeti kavu. Gazeti likiwa kavu asubuhi, koki imekaa.

Sasa kimea, yaani ulezi uliooteshwa. Loweka ulezi kilo mbili usiku mmoja, usuuze, utandaze ndani ya gunia safi lenye unyevu na unyunyizie maji asubuhi na jioni. Baada ya siku mbili au tatu vimizizi vyeupe vitakuwa vimetoka kila mahali. Anika juani hadi punje zikauke kabisa, sugua mizizi itoke, peleka mashineni wasage isiwe laini sana. Ukiona ukungu wa kijani au kijivu, mwaga wote. Sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Ndizi: tumia ndizi ng'ombe zilizoiva hadi ganda linaanza madoa. Ndizi mchare ziache kwa ajili ya mtori, ile supu ya ndizi. Menya upate kilo sita, weka kwenye sufuria na maji lita 10, pika kwa moto wa taratibu saa kadhaa mpaka rangi igeuke wekundu wa udongo. Usitumie sufuria ya chuma isiyopakwa kitu, ndizi zitakuwa nyeusi. Ngoja zipoe ziwe vuguvugu ndipo umimine kwenye ndoo ya kwanza, na usipite robo tatu ya ndoo kwa sababu povu hupanda. Kama una masimbi ya mbege iliyopita, tia kikombe kimoja. Kama huna, nusu kijiko cha chai cha hamira ya mkate kinafanya kazi. Huku mjini siku tatu au nne zinatosha; kule juu Marangu, kwenye baridi, ongeza siku mbili. Viputo vikipungua, nyalu, yaani hayo maji ya ndizi yaliyochacha, iko tayari.

Mso ndio unaoamua kila kitu, na hapa ndipo watu wanapoharakisha. Chukua kilo moja ya unga wa kimea, upike uji na maji lita sita hadi uive. Epua, ukoroge upoe mpaka nyuzi 65. Kipimajoto cha homa hakifai, kinaishia 42. Tafuta cha jikoni. Hapo tia nusu kilo ya unga wa kimea mbichi uliobaki, koroga, funika sufuria kwa blanketi saa nzima. Kimea kibichi kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na vikichemshwa vinakufa, ndiyo maana usipike wote. Utaona kwa macho: mwiko uliokuwa umesimama wima kwenye uji utaanza kuegemea, kisha utaanguka ukingoni, na uji utakuwa mwepesi na mtamu. Ukitaka uhakika, weka tone la mso kwenye sahani nyeupe, udondoshee tone la iodini. Likigeuka bluu nyeusi wanga bado upo, ongeza nusu saa. Likibaki kahawia, endelea. Sahani ile ioshe, usirudishe tone sufuriani.

Msesewe, mti ambao gome lake huipa mbege uchungu, chemsha pembeni, kipande cha gome kisichozidi kidole, uchuje maji yake. Mti huu ni ndugu wa ule wa Kihindi uliotoa reserpini mwaka 1952, dawa ya kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo usizidishe kwa kutafuta ukali. Mjamzito na mtu wa presha wasipewe kabisa.

Chuja nyalu kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa. Naomba sana, msitumie chandarua. Vingi vina dawa ya mbu. Mimina kwenye ndoo ya koki, tia mso uliopoa na maji ya msesewe kidogo kidogo huku ukionja. Funika kwa kitambaa safi. Kesho yake mbege iko tayari, chachu yenye utamu kwa mbali.

Wazee hupewa kwanza, kwa kata ya kibuyu. Usijaze kwenye chupa ukafunga kizibo: mbege bado inachachuka na chupa ya kioo itapasuka mkononi mwa mtu. Imalizeni kwa siku moja au mbili.

Ndoo ikiisha, usiiache hadi kesho. Fungua nati, toa koki nzima na washa zake, sugua ndani ya tundu kwa brashi ya mswaki, mwagia maji ya moto, anika vipande vyote juani kabla ya kuvirudisha.