Umeachishwa kazi na kesi iko CMA? Hivi ndivyo wanavyosikiliza mpaka wanaamua

Hapa Dar mtu akiachishwa kazi anasema tu "nitaenda CMA", yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila kinachofanyika mle ndani wengi hawakijui. Nilimsindikiza mdogo wangu mwanzo mwisho, alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja wakamtoa kwa madai ya upotevu wa mali. Nilichokiona ni kwamba mwamuzi anaamua kwa kilichosemwa na kuletwa mbele yake, machungu uliyonayo moyoni hayamo kwenye faili.

Kwanza zijue siku za kufungua madai. Kuachishwa kazi una siku 30 kupeleka fomu namba moja ya CMA, ile ya kufungulia shauri, madai mengine kama mshahara siku 60. Ukichelewa inabidi uombe kibali na ujieleze, jamani msifike huko. Nakala mpelekee mwajiri, akusainie kwamba kapokea.

Unaanza usuluhishi. Hakuna kiapo, msuluhishi anaweza kuongea na kila upande peke yake, na mnayosema pale hayageuzwi ushahidi baadaye. Mkielewana mnasaini, mkishindwana ndani ya siku 30 shauri linaenda kwa mwamuzi.

Kwa mwamuzi ndo penyewe. Zinapangwa kwanza hoja zinazobishaniwa, na kesi za kuachishwa kazi kubwa ni mbili: sababu ilikuwa halali? utaratibu ulifuatwa? Mwajiri ndo anaanza kutoa ushahidi maana sheria imemtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha. Shahidi wake anaapa, anatoa vielelezo, yaani karatasi za ushahidi, halafu unamuuliza maswali ya dodoso, yaani ya kupima aliyoyasema, na hapa ndo watu wanaharibu, wanalalamika badala ya kuuliza. Mdogo wangu alipania kumwambia meneja "wewe muongo", usiku wake tukakaa nyumbani nikamwambia dogo usibishane naye, muulize tu barua ya kikao cha nidhamu mlinipa lini na kikao kilikaa lini. Kanuni zinataka upewe angalau masaa 48 ujiandae. Barua ilikuwa ya jioni, kikao asubuhi yake. Jibu likaandikwa, na kwenye tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, hoja ya utaratibu tukashinda kwa jibu hilo.

Zamu yako ikifika toa mkataba, salari slipu, meseji umeziprinti, na kila karatasi omba ipokelewe kama kielelezo, ikibaki kwenye bahasha yako ni sawa na haipo. Unaweza kuwa na wakili au mtu wa chama cha wafanyakazi. Tarehe usikose, shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea linaweza kusikilizwa upande mmoja, kwa hiyo kama unatokea Mbagala toka alfajiri.

Mkimaliza, mwamuzi anapitia hoja moja moja, anaandika ushahidi wa nani kaukubali na kwa nini, sheria inampa siku 30 kutoa tuzo. Asiyeridhika anaomba marejeo, yaani tuzo iangaliwe upya, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6. Andika tarehe uliyokabidhiwa tuzo, zinahesabiwa toka hapo.